Gofu la ukumbi wa kijiji: jinsi ya kulirudisha mikononi mwa watu likawa mahali pa michezo na mapumziko

Vijiji vingi vya bara vilivyopangwa wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipowahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja kati ya 1973 na 1976, vina jengo hilo. Ni refu, la tofali za kuchoma, liko katikati ya kijiji karibu na ofisi ya mtendaji. Paa limebaki nusu. Ndani mna kinyesi cha mbuzi na makaratasi ya viroba vya pombe kali ya tangu kabla havijapigwa marufuku mwaka 2017. Kwetu, upande wa Kilosa, ukutani palikuwa bado panasomeka "SIASA NI KILIMO" kwa rangi iliyobanduka, maneno ya Azimio la Iringa la 1972, na chini yake mtu alikuwa ameandika kwa mkaa jina la mpenzi wake.

Leo pale pana kiwanja cha netiboli, kivuli cha wazee wa bao, bembea za watoto na ukumbi uliopunguzwa ukawa nusu ya ule wa zamani. Imetuchukua miaka minne. Mwaka wa kwanza wote hatukununua hata mfuko mmoja wa saruji, na ningeambiwa nianze upya nisingebadilisha hilo. Walioanza na saruji, na nimeona vijiji viwili vya jirani vikifanya hivyo, wana magofu mawili sasa: la zamani na jipya.

Mwongozo huu ni kwa wanakamati, watendaji, na yule kijana mmoja ambaye kila mkutano husimama kuuliza "hivi lile jengo tunalifanyaje?" Nimeandika kwa kufuata sheria na taratibu za Tanzania Bara.

Kwanza: lile eneo ni la nani?

Kila mtu atakwambia ni la kijiji. Usiridhike.

Kabla ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, kijiji na chama vilikuwa kama chanda na pete. Jengo lilijengwa kwa nguvu za wanakijiji wote, likaitwa la chama, likatumiwa na wote, na hakuna aliyeona haja ya kuandika. Ndiyo maana hata viwanja vikubwa vya mpira mijini, kama CCM Kirumba pale Mwanza, vilibaki mali ya chama ingawa watu wengi walivichangia. Kwa hiyo andikeni barua kwa tawi la CCM kijijini, kwa heshima, mkiuliza kama wana madai juu ya eneo, na msubiri jibu la maandishi. Jibu la mdomo la mwenyekiti wa tawi huondoka naye siku akihama au akishindwa uchaguzi.

Kuna wa pili wa kuulizwa: ushirika. Baadhi ya majengo haya yalikuwa maghala au kumbi za vyama vya msingi. Serikali ilivivunja vyama vya ushirika mwaka 1976, ikavirudisha kwa sheria ya 1982, na katikati ya hapo mali nyingi zilibadili mikono bila karatasi. Kama kijijini kuna AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao, muulizeni katibu wake.

Hayo yakishaisha, nendeni ofisi ya kijiji mkaombe vitu vitatu: cheti cha ardhi ya kijiji, mpango wa matumizi ya ardhi kama upo, na rejista ya ardhi ya jumuiya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaitaka halmashauri ya kijiji iitunze rejista hiyo. Vijiji vingi hawana, au wana daftari tupu. Kama ni hivyo kwenu, mmepata nafasi nzuri: halmashauri ya kijiji ipeleke pendekezo kwenye mkutano mkuu kwamba eneo litengwe kuwa ardhi ya jumuiya kwa ajili ya michezo na mapumziko, mkutano ukiridhia liandikwe kwenye rejista likiwa na vipimo na majirani wa pande zote nne. Hakikisheni muhtasari una orodha ya waliohudhuria na sahihi zao. Nakala ipelekwe kwa mtendaji wa kata na nyingine halmashauri ya wilaya. Halmashauri ya kijiji kisheria ni mdhamini tu wa ardhi, na mgawo inaoufanya bila idhini ya mkutano mkuu hauna nguvu. Mkiruka mkutano, siku moja mtu mwenye uwezo atakuja na karatasi yake ya kugawiwa kipande cha pembeni ajenge fremu za maduka, na hamtakuwa na cha kumjibu.

Mipaka tuliipata kwa kutembea na wazee watatu, asubuhi, kabla jua halijakuwa kali. Enzi zile mpaka uliwekwa kwa mimea: mstari wa mikatani, au minyaa. Jirani mmoja alikuwa ameshaingia hatua kumi na mbili na mahindi yake. Hatukumshitaki. Tulimwachia avune, tukakubaliana mbele ya mjumbe kwamba msimu ujao halimi, tukaandika, akatia dole gumba. Mkianza kwa kesi Baraza la Ardhi la Kijiji, mtakuwa na adui jirani na kiwanja cha watoto kwa miaka ishirini.

Pili: ulizeni watu, ila si mkutanoni peke yake

Mkutanoni tuliuliza watu wanataka nini pale. Wanaume wakapiga kelele: uwanja wa mpira! Makofi. Tukataka kufunga ajenda.

Kisha tukapima eneo. Mita 70 kwa 50. Uwanja kamili wa mpira wa miguu ni mita 105 kwa 68. Hauingii hata ukilalia upande, na shule ya msingi ina uwanja wake tayari. Kumbe watu walitaja mpira kwa sababu ndilo neno lililokuja mdomoni kwanza.

Safari ya pili tulienda na makopo matano na debe la mahindi. Kila kopo lilibandikwa picha: netiboli, bembea, kivuli na viti, ukumbi wa mikutano na sherehe, televisheni ya kuangalia mechi. Kila mtu alipewa punje tatu, atumbukize anapotaka. Tukazunguka nayo bombani asubuhi wakati wa foleni ya maji, kijiwe cha bodaboda jioni, kwenye kikao cha VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, siku ya Jumatano, na shuleni kwa darasa la sita na la saba. Bombani lilijaa kopo la kivuli na viti, si la ukumbi. Mama mmoja akatueleza: "Tukienda kliniki tunakaa juani na watoto. Nyie mnatujengea ukumbi wa harusi, harusi ni mara ngapi kwa mwaka?" Wasichana wa darasa la saba waliweka karibu punje zote kwenye netiboli, halafu mmoja akauliza kwa sauti ndogo kama kutakuwa na choo chenye mlango. Swali hilo limebadilisha ramani yetu kuliko mkutano mzima.

Tatu: kagueni gofu kwa macho na mikono

Tafuteni fundi mwashi asiyetegemea kupata kazi hiyo. Anayetegemea ataona kila ukuta unafaa, au kila ukuta haufai, kulingana na anachouza.

Kuta. Dondosha timazi kwenye pembe zote nne. Ukuta ulioegama kidogo si lazima ubomolewe, ufa ndio wa kuangalia. Ufa mwembamba wa kwenye lipu tu si kitu. Ufa unaopanda kama ngazi kufuata viungo vya tofali, mpana juu na mwembamba chini, unasema msingi umetitia upande mmoja. Kujua kama bado unatembea, paka kipande cha plasta ya jipsamu juu yake, andika tarehe kwa kalamu ya risasi, uache kipite masika nzima. Kikipasuka, ukuta ule uondoke.

Mbao za paa. Chukua bisibisi, chomeka kwenye kila kenchi, hasa pale linapolala juu ya ukuta. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemka, mchwa wamemaliza. Kwetu makenchi tisa kati ya kumi na mawili yalikuwa hivyo, na kwa nje yalionekana mazima kabisa.

Paa lenyewe. Hapa tulieni. Majengo ya miaka ile mengine yaliezekwa kwa vigae vya mawimbi vya saruji yenye asbesto: vya kijivu, vinene kuliko bati, ukivigonga havilii. Vikiwa vizima na vimetulia madhara yake ni kidogo. Vikivunjwa, vikikatwa kwa msumeno au vikifagiliwa vikavu, hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana zinazokaa mapafuni na kuleta saratani miaka mingi baadaye. Usimpandishe kijana juu na nyundo. Zuieni watoto, mwiteni afisa mazingira wa halmashauri, naye atawaelekeza NEMC, baraza la taifa la mazingira, wanataka viondolewe na kutupwa vipi. Na yule jirani anayeomba vipande akaezekee banda la kuku, mkatalieni.

Popo. Kinyesi chao kikikauka na kufagiliwa hurusha vumbi lenye vimelea vya fangasi vinavyoshambulia mapafu. Nyunyizeni maji kwanza, vaeni barakoa na glavu, kisha mzoe kwa koleo. Fungeni mianya usiku popo wakiwa wametoka.

Mashimo. Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu lilitaka kutuua mtu. Siku ya kufyeka, trekta dogo la kukokota tela lilikuwa linapita nyuma ya ukumbi, na babu mmoja aliyekaa chini ya mwembe akanyanyua fimbo yake, akaita: "We mwanangu! Simamisha hicho chombo!" Kijana akasimama, akamwamkia shikamoo kwa haraka huku anashangaa. "Marahaba. Hapo ulipo palikuwa choo cha akina mama. Shimo lile tulilichimba sisi, futi kumi na tano, na juu tuliweka magogo tu." Tulichomeka mtaimbo, ukapita bila kizuizi. Magogo yalikuwa yameoza, juu pameota majani mabichi, mazuri kuliko pengine pote. Tangu siku hiyo nasema: kabla ya chombo chochote kuingia, mpitisheni mzee mwenye kumbukumbu aonyeshe vyoo, visima, mashimo ya taka na makaburi. Mashimo yajazwe kwa mawe na kifusi kwa matabaka, kila tabaka lishindiliwe, na pawekwe alama. Usijenge juu yake hata kama pameshindiliwa vizuri.

Mwisho wa ukaguzi mna njia tatu: kufufua jengo zima, kulipunguza, au kulibomoa. Sisi tulilipunguza. Ukumbi ulikuwa mita 24 kwa 8, na upande wa magharibi ndio uliokuwa umetitia. Tukabaki na mita 12 za mashariki, tukajenga ukuta mmoja mpya wa kufungia, na mbele tukaongeza baraza ya mita mbili. Tofali za upande uliobomolewa zilitosha ukuta huo na viti vya kivulini. Namna ya kuchagua tofali la zamani: gonganisha mawili. Yakilia kama chungu kizima, weka. Yakitoa sauti ya mti, ni ya kujazia mashimo.

Nne: fungueni kiwanja kabla ya jengo

Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi. Ukumbi unahitaji fedha, kiwanja kinahitaji majembe. Mkianza na kiwanja, watu wataanza kulitumia eneo ndani ya mwezi mmoja, na eneo linalotumika halichukuliwi kirahisi. Mfadhili, diwani au mbunge akija akakuta wasichana wanacheza juu ya mistari ya chokaa, ataona kazi inayoendelea. Akikuta gofu na andiko la mradi, atalipokea andiko.

Siku ya kazi ya pamoja chagueni baada ya palizi, si wakati wa kupanda. Gawanyeni kwa vitongoji, kila kitongoji na kipande chake kilichopigwa kamba, maana kazi ya wote huishia kwa wachache. Uji wa saa nne usikosekane.

Kiwanja cha netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25. Kielekezeni kaskazini na kusini kwa urefu, ili jua la jioni lisimpige mfungaji machoni. Kupata pembe mraba hakuhitaji kifaa: funga kamba ya mita tatu upande mmoja, mita nne upande wa pili, na ncha zake zikiwa umbali wa mita tano kamili, pembe imenyooka. Ukimaliza pima ulalo kona kwa kona, pande zote mbili zisome mita 34.1. Zikitofautiana, kiwanja chako kimepinda, anza tena kabla hujamwaga kitu.

Sasa watakuja watu wa zege. Piga hesabu mbele yao. Zege la sentimita 10 kwa eneo hilo ni mita za ujazo 46 na nusu, na kwa mchanganyiko wa moja-mbili-nne (saruji, mchanga, kokoto) hiyo ni mifuko ya saruji inayokaribia 300, bado kokoto na mafundi. Kwa fedha hiyo mnaezeka ukumbi. Sisi tulimwaga changarawe, trip tisa za lori dogo, tukachanganya na udongo wa kichuguu ambao hushika kama gundi, tukamwagia maji jioni na kushindilia asubuhi kwa pipa lililojazwa mchanga na kukokotwa na vijana. Uso uwe na mteremko wa sentimita moja kwa kila mita, kwenda upande mmoja, maji yasituame. Kupima mteremko tumia mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojaa maji: maji ya ncha zote mbili hukaa usawa mmoja hata ncha ziwe mbali kiasi gani. Kila baada ya masika kiwanja kinataka kumwagiwa tena na kushindiliwa. Ni kazi ya siku mbili, na inafanyika.

Milingoti ya magoli: bomba la chuma, ringi ifike mita 3.05 kutoka ardhini, kipenyo cha ringi sentimita 38, isogee mbele ya mlingoti sentimita 15. Mchomeleaji yeyote wa madirisha anaweza. Mwambieni achomelee kifuniko juu ya bomba, la sivyo maji yataingia na kulila kutoka ndani. Mpira wa wavu ukihitajika, mita 18 kwa 9 zinaingia ndani ya kiwanja hichohicho na nguzo za kuchomoa, wavu mita 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake.

Bembea. Zikae mbali na milango na njia ya wapita kwa miguu, na chini yake mwage mchanga laini wa sentimita 30, si zege wala ardhi iliyoshindiliwa. Mtoto akianguka, mchanga ndio utakaoamua kama anarudi nyumbani analia au anapelekwa zahanati. Matairi ya zamani yanafaa kwa viti na vichuguu vya kupandia, lakini toboeni kila tairi kwa chini, maana maji yanayobaki ndani ni kitalu cha mbu. Minyaa yote iliyokuwa mpakani tuliing'oa upande wa watoto, kwa sababu utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali. Mikatani tuliiacha, ila tulikata miiba ya ncha.

Miti ipandwe mwanzo wa mvua. Mkungu hutoa kivuli kipana kwa muda mfupi, mwembe hukawia lakini hukaa vizazi. Muarobaini ni mzuri, uwe umbali wa kutosha kutoka kwenye msingi. Mikaratusi hapana, hunywa maji na matawi huanguka bila taarifa. Kila mti mpeni mtu, kwa jina, aumwagilie na auzungushie miiba. Tulipanda kumi na minne mwaka wa kwanza bila wenyewe, mbuzi wakala kumi na mmoja.

Wazee wa bao mnawajua wenyewe: wapeni kivuli, benchi la tofali, na pembeni nafasi ya kahawa na kashata. Wao ndio walinzi wa mchana wa bure. Tangu walipohamia pale, hakuna tena aliyechomoa tofali.

Tano: fedha, na njia zake za kuvuja

Michango ya kaya iwe ya hiari na ya aina mbili, fedha au nguvukazi, na ya nguvukazi iandikwe kwa thamani yake. Anayechimba mchanga siku nzima amechangia, asomwe kwenye orodha kama aliyetoa noti. Walioko mjini wana kundi lao la WhatsApp, huwa wanachangia misiba tu kwa sababu hakuna anayewatumia picha ya kitu kingine. Watumieni picha ya kiwanja kila mwezi, na ya risiti.

Kwa serikali, mradi upitie vikao: halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu, kamati ya maendeleo ya kata, ndipo uingie mpango wa halmashauri ya wilaya. Mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo, uliowekwa kwa sheria ya 2009, unafaa sana kwa kazi ndogo kama kuezeka, lakini nao huangalia kama kijiji kimeanza. Mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, haiwezi kujenga ukumbi wenu. Inaweza kuwasaidia kikundi cha vijana kufungua mgahawa au duka la vifaa vya michezo pembeni, wakalipa kodi ya eneo.

Wekeni akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, mmoja wao mwanamke asiye na udugu na wengine wawili. Mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo na kusomwa kila mkutano wa miezi mitatu. Mkisoma, taja "misumari kilo nane", usiseme "vifaa mbalimbali". Hayo maneno mawili ndiyo mlango wa wizi.

Fundi alipwe kwa hatua: akifika kwenye lenta, akipaua, akiezeka. Mwingine wetu tulimpa nusu ya fedha kabla ya kuanza kwa kuwa alisema mama yake mgonjwa. Tulimwona tena baada ya miezi mitano, kwenye mazishi ya mtu mwingine.

Na bati. Duka moja la mjini lilituuzia bati kwa bei ya geji 28, risiti ikasema 28, yaliyoshushwa yakawa 32. Kumbuka namba ikipanda bati linapungua unene. Tuligundua kwa bahati, kijana mmoja alilibonyeza kwa kidole gumba likabonyea. Tangu hapo tunakwenda na bati letu moja la mfano tunalolijua, tunaliweka kwenye mizani ya mahindi, kisha tunapima la dukani lenye urefu uleule. Uzito hausomi risiti.

Sita: jengo sasa

Msinyanyue boma ambalo hamna fedha ya kuliezeka msimu huohuo. Mvua moja ya masika kwenye kuta wazi inarudisha kazi nyuma kuliko mwaka wa kusubiri.

Mkanda wa zege wenye nondo uzunguke juu ya kuta zote, za zamani na mpya, ufunge jengo pamoja. Mbao ziwe zilizotiwa dawa. Madirisha makubwa yanayotazamana, upepo upite. Mlango mkuu ufunguke kwa nje, na uwepo wa pili upande mwingine, maana watu mia wakitishika hawapangi foleni. Rampu: kwa kila sentimita moja ya kupanda, sentimita 12 za urefu. Sakafu yetu iko juu sentimita 45, kwa hiyo rampu ni mita 5.4. Fundi alitaka kuifanya mita mbili "kuokoa saruji". Tulimletea kiti cha magurudumu cha jirani yetu tukamwambia akipandishe yeye kwenye rampu ya majaribio ya mbao. Akaongeza.

Paa letu pamoja na baraza ni mita za mraba 120. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa mvua ya milimita 800 kwa mwaka, ukitoa sehemu moja ya tano inayopotea, ni lita 76,800. Tenki la lita 5,000 hujaa kwa mvua mbili kubwa. Maji hayo ndiyo ya vyoo, miti na kiwanja. Vyoo vya wasichana viwe na mlango wa komeo la ndani, mbali na vya wanaume na si nyuma gizani, na shimo lisipungue mita 30 kutoka kisima chochote.

Saba: ufunguo

Nani anashika ufunguo? Tulipoteza miezi mitatu kwenye swali hili na sijutii. Kwa mwenyekiti, ukumbi unakuwa wake. Kwa mtendaji, anahama. Hatimaye uko kwa mama lishe aliye mkabala, anayefungua biashara saa kumi na mbili asubuhi na kufunga saa tatu usiku, na analipwa posho ndogo kutoka kwenye kodi ya ukumbi. Wa akiba uko ofisini kwenye bahasha iliyogongwa muhuri. Bahasha ikifunguliwa, inajulikana.

Tungeni sheria ndogo, zipite mkutano mkuu na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya, vinginevyo faini zenu ni maombi tu. Zetu ni fupi. Muziki mwisho saa nne usiku. Kiwanja ni cha wasichana Jumanne na Alhamisi jioni, wavulana wapite pembeni. Vyama vyote vya siasa vinalipa kodi ileile, dini zote vilevile, misiba bure. Mifugo ikiingia, mwenye nayo anashindilia kiwanja.

Kuhusu televisheni, tulibishana sana. Vijana walitaka tuwe kama kibanda umiza, tutoze kiingilio siku za Simba na Yanga. Ni fedha nzuri, siwezi kukataa. Lakini lazima muulize wakala wa king'amuzi kifurushi cha biashara, maana cha nyumbani hakiruhusu kutoza watu, na lazima mkubaliane siku ambazo televisheni haiwaki, la sivyo mikutano ya VICOBA na kliniki ya watoto itahamishwa na mpira mpaka mwisho wa msimu. Kwetu inawaka Jumamosi na Jumapili, na mechi ya watani hata ikiangukia Jumatano. Hapo akina mama walikubali wenyewe, kisha wakaja kuangalia.

Kila shilingi mia ya kodi, thelathini inaingia kwenye matengenezo na haiguswi kwa lingine. Daftari la ukumbi lina safu tano: tarehe, nani, kwa ajili gani, amelipa ngapi, ameacha kukiwaje. Safu ya tano hujazwa na mama lishe, na ndiyo inayosomwa kwanza kwenye mkutano.

Kila Januari tunapita na bisibisi. Mwaka huu ilizama kwenye nguzo ya tatu ya baraza, ile iliyonunuliwa haraka bila dawa kwa sababu duka lilikuwa limeishiwa. Tumeikata, tumeweka nyingine juu ya kisahani cha chuma ili isiguse ardhi. Wazee wa bao walihamia upande wa pili kwa siku mbili, wakilalamika jua.